Ukipangwa wa kumi kwenye Drafti ya FPL: nani wa kumwahi, nani wa kumsubiri

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini tuko kumi tunaocheza Drafti ya Fantasy Premier League, mmoja dhidi ya mmoja kila wiki. Msimu uliopita mfumo ulinipanga namba kumi, wa mwisho kuchagua. Zamu ya tatu nilichukua kipa, ya nne na ya tano nikachukua mabeki wawili wa Arsenal, nikamaliza wa tisa. Nikipangwa tena mwisho nianze na nani? Na kuna haja gani ya kugombania washambuliaji wakati viungo ndio wenye pointi nyingi?"

Ndugu yangu, namba kumi haikukuponza sana. Kilichokuponza zaidi ni yule kipa wa zamu ya tatu. Nitaanza naye, maana ukishaelewa kosa lake lilikuwa wapi, mengi ya maswali yako yatajijibu yenyewe.

Wengi wetu tunakuja kwenye Drafti tukitokea Fantasy Premier League (FPL) ya kawaida, ule mchezo wa mtandaoni wa kuunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, na tunakuja na mazoea ya kule. Kule una bajeti ya pauni milioni 100, kila mtu anaweza kuwa na Erling Haaland, straika wa Manchester City, na pointi za kapteni zinahesabiwa mara mbili. Kwa hiyo kule tunajiuliza huyu ataleta pointi ngapi kwa bei hii. Kwenye Drafti, ambayo Ligi Kuu ya Uingereza iliianzisha msimu wa 2017/18, mnachagua wachezaji kwa zamu, hakuna bei, hakuna kapteni, hakuna chipu (zile nyongeza maalumu za kutumia wiki chache), na mchezaji akishachukuliwa na mmoja wenu wale tisa wengine hawana chao. Swali lazima libadilike. Unajiuliza: nisipomchukua huyu sasa, nitakayempata baadaye kwenye nafasi hiyohiyo atapungua kwa kiasi gani? Hilo ndilo pengo. Mchezaji wa pointi 160 anaweza kuwa hasara na wa pointi 140 akawa faida, kwa sababu nyuma ya yule wa kwanza kuna kumi wanaofanana naye na nyuma ya huyu wa pili hakuna mtu.

Sasa mtazame kipa kwa jicho hilo. Kila kikosi kinataka makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Mkiwa kumi mnachukua wachezaji 150: makipa 20, mabeki 50, viungo 50, washambuliaji 30. Ligi ina timu 20, kwa hiyo ina makipa 20 wanaoanza, na kila wiki ninyi mnawachezesha kumi tu. Hata ukiwa mtu wa mwisho kabisa kuchukua kipa wake wa kwanza, utapata mtu anayedaka dakika 90 kila Jumamosi. Kipa anayeongoza kwa pointi misimu ya karibuni amekuwa akimaliza kati ya 150 na 190. Tuseme kipa wako wa mwishomwisho ameachwa nyuma na huyo kwa pointi 40. Zigawe kwa wiki 38, ni kama pointi moja kwa wiki. Umelipa zamu ya tatu kwa pointi moja ya wiki, na huna hata hakika nayo, kwa sababu makipa hawatabiriki. Msimu wa 2024/25 tuzo ya glovu ya dhahabu walishirikiana David Raya wa Arsenal na Matz Sels wa Nottingham Forest, kila mmoja na mechi 13 bila kuruhusu bao. Forest hiyo msimu uliotangulia ilikuwa imemaliza ya 17. Aliyemchukua Raya mapema na aliyemwokota Sels mwishoni walipata kitu kilekile. Kuchukua kipa zamu ya tatu ni kuwahi sokoni alfajiri ukanunua chumvi kwanza, huku samaki wanaisha.

Washambuliaji ndio samaki wenyewe, na hapa naingia kwenye swali lako la pili.

Timu nyingi za Uingereza siku hizi zinaanza na mshambuliaji mmoja tu wa kati. Mawinga na wanaocheza nyuma ya straika, hata wale wanaofunga kuliko straika wao, FPL inawaandika kama viungo. Mohamed Salah wa Liverpool msimu wa 2024/25 alimaliza na pointi 344, mabao 29 na asisti 18, akiwa ameorodheshwa kama kiungo. Bryan Mbeumo alifunga mabao 20 akiwa Brentford, pointi 236, naye kiungo. Ndiyo maana unaona viungo wana pointi nyingi, na uko sahihi. Lakini hesabu ya upande wa pili inasema timu 20 zinakupa washambuliaji wanaoanza 20 na ushee, wakati vikosi vyenu kumi vinadai 30. Maana yake kuna watu kati yenu watakaomaliza Drafti wakiwa na washambuliaji wanaoingia dakika ya 80. Viungo hawaishi hivyo. Timu 20 zinachezesha viungo na mawinga wanaokaribia mia, ninyi mnachukua 50. Zamu ya kumi na mbili bado utapata kiungo anayeanza kila wiki. Mshambuliaji wa namna hiyo utakuwa humwoni tena.

Kuna jambo la kukupunguzia wasiwasi hapo, na wengi hawalifikirii. Kanuni inataka mshambuliaji mmoja tu uwanjani. Unaweza kupanga 4-5-1 au 5-4-1 msimu mzima na usivunje sheria yoyote. Bao la kiungo lina pointi 5, la mshambuliaji 4, na kiungo anaongezewa pointi 1 timu yake isiporuhusu bao. Kwa hiyo kiungo anayecheza kama mshambuliaji ni bora kuliko mshambuliaji mwenyewe kwa bao lilelile. Mtu anaweza kukushauri uchukue straika mmoja mkubwa, ujaze viungo watano wakali, na nafasi mbili zilizobaki za mbele uzijaze vijana wa kubahatisha. Ni mpango unaofanya kazi. Mimi siupendi kwa ligi ya watu kumi, kwa sababu moja: straika wako mmoja akivunjika, hakuna pa kumtoa mwingine, na mabadiliko ya Drafti ni nafasi kwa nafasi. Ukimwacha mshambuliaji, unaingiza mshambuliaji. Utakuwa unachagua kati ya watu ambao wenzako tisa wote wamewakataa. Napenda washambuliaji wawili wenye namba za kudumu, na wa tatu ndiye wa kubahatisha.

Turudi kwenye namba kumi. Mzunguko wa Drafti unakwenda na kurudi: wa mwisho zamu ya kwanza ndiye wa kwanza zamu ya pili. Kwa ligi yenu, namba kumi anachagua mchezaji wa 10 na wa 11, halafu wa 30 na 31, 50 na 51, 70 na 71, na kuendelea hivyo mpaka wa 150 ambaye ni wa mwisho kabisa. Ziandike namba hizo kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe. Jambo la kulitazama ni kwamba unachukua wawili kwa mpigo, kisha wachezaji 18 wanaondoka kabla zamu haijakurudia.

Hao 18 ndio wanaowaumiza waliopangwa mwanzo au mwisho wa foleni ya kuchagua. Aliyepangwa wa tano anaweza kusema "huyu nitamkuta zamu ijayo" na mara nyingi akamkuta. Wewe huwezi. Ukiona mabeki wameanza kuchukuliwa mfululizo, au mastraika, wimbi hilo litakwisha kabla hujafikiwa. Kwa hiyo mtu wa namba kumi hafuati wimbi, analianzisha. Kama kuna mchezaji unayemtaka na orodha za mitandaoni zinamweka wa 38, mchukue ukiwa wa 30 au 31, usione haya. Zamu yako inayofuata ni ya 50, na ya 50 hatakuwepo. Wenzako watakuambia umemwahi mno. Waache waseme.

Kwa mpigo wako wa kwanza, wa 10 na 11, Haaland hutamwona. Sahau. Wachezaji tisa waliotangulia watakuwa viungo wapiga penalti na mastraika wawili watatu wakubwa. Nafasi hii ningeitumia kwa mshambuliaji mmoja na kiungo mmoja, wote wawili wenye sifa tatu: anaanza kila wiki, anapiga penalti au mipira ya kutengwa, na timu yake inafunga mabao. Msimu wa 2022/23 Haaland alifunga mabao 36 na kumaliza na pointi 272, na ni kweli mtu wa namna hiyo anambeba aliyemchukua. Lakini bila kapteni pointi hizo zinahesabiwa mara moja tu. Mwenye Haaland hana faida ile unayoiona kwenye FPL ya kawaida, na wewe mwenye wawili wa daraja la pili hujaachwa mbali kama unavyodhani.

Kwenye 30 na 31 hesabu vichwa. Hili ni kazi ya sekunde kumi na watu hawalifanyi. Wameondoka washambuliaji wangapi? Wakiwa wameshafika kumi, chukua straika wako wa pili papo hapo pamoja na kiungo mmoja. Wakiwa watano au sita tu, ligi yako imelala, chukua viungo wawili wakali na umwache straika wa pili mpaka 50. Ninaposema straika wa pili simaanishi jina kubwa. Chris Wood wa Nottingham Forest alifunga mabao 20 msimu wa 2024/25 na kumaliza na pointi 200. Msimu uliotangulia alikuwa amefunga 14, na bado watu walimpita kwa sababu ya umri wake na timu yake. Mshambuliaji wa kati asiye na mpinzani wa namba kwenye timu ya katikati ya msimamo ni dhahabu kwenye Drafti, hata kama kwenye baraza la mpira hakuna anayemtaja.

Mabeki sasa, maana ulichukua wawili wa Arsenal na najua ulikuwa na sababu. Beki anapata pointi 4 timu yake isiporuhusu bao, na Arsenal wanajua kuzuia. Tatizo ni kwamba tangu msimu wa 2025/26 FPL imeanza kumlipa beki kwa kazi ya kukaba. Akiondosha mipira ya hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mipira jumla mara 10 katika mechi moja, anapewa pointi 2. Beki wa kati wa timu inayoshambuliwa mchana kutwa, mtu wa aina ya James Tarkowski wa Everton, anaweza kuzipata hizo hata wiki ambayo timu yake imefungwa. Matokeo yake pengo kati ya beki wa zamu ya tano na beki wa zamu ya kumi limepungua. Zamani mambo yalikuwa mengine: Andrew Robertson alimaliza msimu wa 2018/19 na pointi 213, Trent Alexander-Arnold akafuata na 210 msimu wa 2019/20, na wakati ule beki wa Liverpool wa zamu ya kwanza au ya pili alikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu mabeki wengine hawakuwa karibu nao. Leo ningemchukua beki mmoja tu mapema, kwenye 50 au 51, na awe yule anayekwenda mbele: anapiga krosi, anapiga kona, au ni beki wa kati anayefunga kwa kichwa kona zikipigwa. Bao la beki ni pointi 6. Waliobaki wanne nitawakusanya kuanzia 90 kushuka chini, na nitawatazama kwa kazi ya kukaba kuliko jina la timu.

Sheria hiyohiyo imewafufua viungo wakabaji. Kwao na kwa washambuliaji kiwango ni 12, na mipira wanayoirejesha inahesabiwa pia. Zamani kiungo wa aina ya Moisés Caicedo hakuwa na thamani kwetu: pointi 2 za kucheza, kadi ya njano inachukua 1, basi. Sasa ni mtu wa pointi 4 kwa wiki nyingi. Usimchukue mapema. Mweke kama kiungo wa tano, wa kuziba wiki ambayo winga wako yuko kwenye benchi la timu yake.

Na hapo kuna jambo ambalo ningependa ulishike kuliko majina yote niliyoyataja, nalo ni dakika. Mchezaji anayevuka dakika 60 anapata pointi 2, anayecheza chini ya hapo anapata 1. Anayeanza mechi zote 38 na kuvuka saa moja uwanjani ana pointi 76 kabla hajagusa nyavu. Kila raundi wanaanza wachezaji 220 ligi nzima. Ninyi mnamiliki 150. Waliobaki huru wanaoanza ni kama 70, wengi wao mabeki na viungo wakabaji, na wengine wenu wameshikilia majina makubwa ya akiba badala ya watu wanaocheza. Winga wa timu inayocheza Ulaya Jumatano na kupumzishwa Jumamosi anaonekana mtamu siku ya kuchagua, halafu unakaa naye unahangaika kila wiki kama ataanza au hataanza. Kwenye FPL ya kawaida unamuuza. Kwenye Drafti una akiba wanne tu na soko limekauka. Kuanzia zamu ya sita kwenda mbele, kati ya kipaji kinachobadilishwabadilishwa na mtu wa kawaida asiyekosa mechi, mimi namchukua wa pili bila kufikiri mara mbili. Mashindano yenu ni ya mmoja dhidi ya mmoja: wiki ukiwa na wachezaji tisa uwanjani umeshampa mwenzako pointi tatu za msimamo.

Majeraha huwezi kuyapigia hesabu, ila unaweza kupunguza uharibifu wake. Bukayo Saka aliumia msuli wa paja Desemba 2024 na hakurudi uwanjani mpaka Aprili 2025. Waliokuwa naye walifunga nafasi moja ya benchi kwa zaidi ya miezi mitatu, au walimwachia na mtu mwingine akamsubiri. Usiwe na wachezaji wawili wa namna hiyo kwenye zamu zako nne za kwanza, wenye historia ya misuli. Mmoja unaweza kumvumilia. Angalia pia kalenda ya mashindano ya mataifa: AFCON ya Morocco ilianza tarehe 21 Desemba 2025 na kwisha 18 Januari 2026, na wachezaji kama Salah na Mbeumo walikwenda na timu zao za taifa. Mwenye Waafrika wanne kwenye safu ya mbele msimu ule alipaswa kuliona hilo tangu Agosti.

Kuhusu ratiba za mwanzo wa msimu, zina uzito kidogo. Zitumie kutenganisha wachezaji wawili wanaolingana, basi.

Siku yenyewe ya kuchagua, mwambie msimamizi wa ligi yenu aiweke karibu iwezekanavyo na mechi ya kwanza. Mkichagua wiki tatu kabla, nusu ya kazi ni kubahatisha nani atauzwa na nani ataumia kwenye mechi za kirafiki. Panga orodha yako ya kufuatilia ndani ya programu kwa mpangilio wa kweli, kuanzia unayemtaka zaidi mpaka wa 80 hivi, kwa sababu umeme ukikatika au bando likiisha katikati ya zoezi, mfumo utakuchagulia, na bora uchague kutoka kwenye orodha yako kuliko orodha yake. Pembeni yako kuwe na karatasi yenye safu nne, uwe unakata majina kadiri yanavyoondoka. Mtu anayesoma karatasi hiyo anaona kwamba wenzake sita wameshapata makipa wawili wawili, hivyo kipa anayemtaka yuko salama kwa zamu nyingine mbili. Asiyeisoma anamkimbilia.

Kipa wako wa kwanza, basi, mchukue kwenye 110 au 111. Mtafute wa timu inayojua kuzuia kiasi lakini inayopigiwa mashuti, kwa sababu kila mashuti matatu anayookoa ni pointi moja.

Nimesema mengi juu ya siku ya kuchagua, lakini kwenye ligi za Drafti watu hushinda na kushindwa pia kwa yale maombi ya wachezaji walioachwa, ambayo wachezaji wa Drafti tunayaita weva. Msimu wa 2023/24 aliyeongoza FPL nzima kwa pointi alikuwa Cole Palmer, pointi 244, mabao 22. Ligi ilianza tarehe 11 Agosti akiwa bado Manchester City bila uhakika wa namba. Chelsea walimsajili Septemba 1. Hakuhitaji zamu ya kwanza wala ya kumi. Alihitaji mtu anayesoma habari za usajili na kuandika ombi kabla ya wenzake. Dirisha la usajili likifungwa ndipo Drafti yenu ya pili inaanza. Wafuatilie waliohama kutoka benchi la timu kubwa kwenda kuanza timu ya kati, na hasa ujue nani atapiga penalti huko alikokwenda.

Weva hupitishwa saa 24 kabla ya muda wa mwisho wa wiki, na muda wa mwisho ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Kwa saa za kwetu, mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa nane na nusu mchana, kama inavyokuwa Agosti na Septemba, unafunga kikosi saa saba mchana, na weva zinapitishwa Ijumaa saa saba mchana. Uingereza wakirudisha saa nyuma mwishoni mwa Oktoba, kila kitu kwetu kinasogea mbele kwa saa moja. Mechi ya kwanza ikiwa Ijumaa usiku, weva zako zinatakiwa ziwe tayari Alhamisi. Watu wengi hukosa wachezaji hapo tu, wakidhani wana mpaka Ijumaa. Baada ya weva kupita, waliobaki ni wachezaji huru, na anayewahi ndiye anayepata, bila foleni.

Foleni ya weva inamtanguliza aliye mkiani kwenye msimamo. Ukishapewa mchezaji mmoja unarudi nyuma ya foleni, kwa hiyo ombi lako la kwanza liwe la mtu unayemhitaji kweli, usilipoteze kwa kubadilisha beki wa tano. Na usikae na mchezaji kwa sababu tu ulimchukua zamu ya pili. Zamu ya pili imeshapita, yule ni mchezaji kama wengine, mpime kwa dakika anazocheza mwezi huu. Ila usimwachie hovyo jina kubwa lililoumia wiki tatu, maana mpinzani wako wa wiki ya tano atakuwa anamsubiri mlangoni. Kama ligi yenu inaruhusu kubadilishana, mpeleke kwa mwenzako anayehitaji na umpate anayecheza leo.

Zamu yako ya mwisho, ya mchezaji wa 150, ni ya kipa wa pili. Akiwepo anayeanza mchukue. Wakiwa wamekwisha, chukua akiba wa kipa wako wa kwanza ili goli lisibaki wazi siku akiumia. Kisha usifunge simu. Kwa kanuni za Drafti foleni ya weva ya wiki ya kwanza inapangwa kinyume cha mpangilio wa kuchagua, kwa hiyo aliyepangwa wa kumi anakuwa wa kwanza. Pitia majina yote ambayo hayakuchukuliwa, tafuta mshambuliaji au winga mmoja ambaye wenzako wamemsahau, na uandike ombi lako usiku huohuo.